Kila Mahali Isipokuwa Kwake

Kaka alitupokea stendi akiwa amevaa shati la kutokea. Alimwamkia mama, akabeba mizigo yote peke yake, kisha akasema, "Nimewatafutia gesti nzuri, karibu kabisa na bahari."

Mama alikuwa mlezi wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu. Jambo halimpiti. "Gesti? Kwani kwako hakuna hata jamvi?"

"Mama nawe! Watoto watundu wale, hutapata usingizi."

Basi akatutembeza mpaka tukachoka kwa kuona. Fukwe, maporomoko ya maji, majabali yaliyosimama wima juu ya bahari, barabara za mjini zenye muziki kila mlango. Yeye ni fundi wa lifti, hivyo alitupandisha hadi juu ya hoteli ndefu kuliko zote, mama autazame mji. Kila mama alipoulizia wajukuu, kaka alimwonyesha kisiwa.

Nilimbana kwenye ngazi za gesti, mama akiwa anaoga.

"Wifi yako amesema mama akiingia kwa mlango huu, yeye anatokea kwa ule," akasema. "Si unakumbuka alichoambiwa siku ya harusi?"

Nilikumbuka. Wifi alikuwa ameachika kabla ya kuolewa na kaka, na mama alisimama mbele ya wageni akasema mwanawe ameokota kilichotupwa na wenzake. Watu walicheka. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Mwambie basi ukweli."

"Mwambie wewe. Nyie wanawake mnaelewana."

Hakuna aliyemwambia.

Siku ya kuondoka alitupandisha kilimani. Ghuba yote ilikuwa chini yetu, na mji umeizunguka, paa juu ya paa. Watalii walikuwa wakipigana picha. Mama hakutazama bahari.

"Na kwako ni wapi?"

Kaka alikohoa. Kisha akanyoosha kidole. "Pale, jirani na tangi la maji. Bati la bluu."

Mama alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. Uani kulikuwa na kamba, na kwenye kamba vitu vidogo vyeupe vilipepea.

"Nguo za watoto zile?"

"Za shule, mama."

"Pazuri," akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Nilidhani mkeo ameshasahau."

Kaka aliinama kuokota mkoba wa mama.

"Twende," mama akasema. "Basi litatuacha."

Hatukuwa hata tumefungua mizigo nyumbani, jirani akabisha hodi kutaka habari za safari. Mama alimvutia kiti.

"Wee, acha tu! Sebule kubwa, hewa ya bahari inaingia yenyewe. Mkwe wangu kanipokea kwa mikono miwili. Na wale wajukuu? Hawakunibanduka."

Jirani akacheka kwa furaha, akanigeukia. "Na wewe shangazi mtu, umewaonaje?"

Mama alikuwa akinitazama.

"Wamekua," nikasema.