Mistari Iliyolala

Faradji alikuwa dereva, na dereva wa Gisenyi katika miaka ile ya hamsini hakuwa mtu wa kupita bila kusalimiwa. Bosi wake, Mgiriki muuza vitambaa, alikaa kule Nengo, mtaa wa Wazungu, lakini gereji yake ilijaa marobota mpaka mlangoni. Kwa hiyo ile Chevrolet ya kijani ililala uani kwa Faradji, mtaa wa Waswahili, chini ya bati alilolipigilia mwenyewe. Majirani walipita wakilitazama gari, na Faradji aliwatazama wakilitazama, maana alikuwa na ugonjwa ambao dawa yake haiuzwi dukani: hakumwamini mtu.

Ugonjwa ulimpanda siku yeye na Mgiriki walipokwenda Ruhengeri asubuhi. Walipokuwa wakipanda mlima wa Nyakiriba jua lilichomoza mbele yao, na kioo, chenye vumbi la njiani, kikageuka cheupe kama maziwa. Faradji alikanyaga breki bila kuona anachokikwepa. Gari liliposimama, mama mmoja alikuwa amekaa mtaroni amekumbatia kapu lake la viazi, mzima, ila alimtukana Faradji mpaka babu zake. Mgiriki naye alikuwa amejigonga kipaji cha uso.

"Bon," alisema Mgiriki, akijipangusa. "Jumatatu tunarudia hii njia na madame yangu. Kama naona tena hii uchafu, funguo napatia Kadiri."

Kadiri alikuwa dereva wa lori la Mgiriki. Kabla ya Faradji yeye ndiye aliyeendesha Chevrolet, na hakuna aliyesahau, sembuse Kadiri mwenyewe. Jioni ile Faradji alimwambia mkewe kwamba hasidi wameliingilia gari.

Sasa, msidhani Faradji hakujua kusafisha kioo. Kazi hiyo alijifunza Bukavu kwa dereva mkali kuliko pilipili. Alichanganya maji ya vuguvugu na siki kidogo, akafuta kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana, akarudia kwa kikavu, akamalizia kwa gazeti kuukuu lililokunjwakunjwa. Kwa upande wa ndani alihamia kiti cha abiria na kujipinda shingo mpaka akafikia zile pembe za chini ambamo uchafu hujificha. Tena alikuwa na mtindo wake: nje alifuta kwa kusimamisha, kutoka juu kwenda chini, ndani alifuta kwa kulaza, kutoka mlango huu hadi ule. Mstari ukibaki umesimama, uchafu ni wa nje. Ukibaki umelala, ni wa ndani.

Kila jioni aliacha kioo kinang'aa. Kila asubuhi, akirudi kutoka msikitini, alikikuta na ukungu wa kunata, na kila alipoufuta kwa haraka kabla ya kwenda Nengo, mistari ilibaki. Yote imelala! Na milango alikuwa ameifunga kwa mkono wake.

"Kuna mutu ananipakia kitu ku kioo," alimwambia mkewe Mukamusoni wakila. "Ndani ya gari kabisa. Wananionea wivu. Wananiroga, nakuambia."

Mukamusoni alikuwa mwanamke mpole, aliyesilimu alipoolewa na kuishika dini kuliko wengi waliozaliwa nayo. Binti yao Hadija alikuwa kwa bibi yake, nyumbani walikuwa wawili tu.

"Mungu atakuchunga, Baba Hadija," alisema, akamwongezea mchuzi.

Kesho yake Faradji alilalamika tena, na keshokutwa vilevile. Na jinsi alivyozidi kulalamika ndivyo ukungu ulivyozidi unene. Ijumaa imamu alihutubia kwamba dhana nyingine ni dhambi. Faradji alitikisa kichwa kwa kuafiki, akiwaza kwamba ingefaa sana Kadiri ayasikie hayo. Akageuka kumtafuta. Kadiri hakuwepo, wala alfajiri zote za wiki ile hakuonekana safuni.

Jumamosi asubuhi Faradji aliingia garini, akafunga mlango, akavuta pumzi. Akasita. Akainamia kiti, akanusa kama mbwa. Ilikuwa harufu ya udi.

Udi si kitu cha gari la Mgiriki. Udi mwanamke humfukizia mumewe. Kila Alhamisi jioni Mukamusoni alitandaza kanzu ya Faradji juu ya chetezo chenye makaa, moshi ukaingia kwenye kila uzi, na Ijumaa Faradji alikwenda msikitini akinukia ndoa. Udi huo aliuchanganya mwenyewe, kwa sukari, marashi na mafuta. Faradji angeutambua hata akiwa usingizini.

Na ufunguo wa gari ulining'inia wapi, alipokwenda kuswali? Kwenye msumari, juu ya kitanda chake. Faradji akajumlisha moja na moja, akapata dhambi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia.

Jumapili alimtega mkewe.

"Kadiri simuoni. We umemuona?"

"Muke yake alisema iko na homa. Hatoki nyumbani, maskini."

Mtu mwingine angesema, Mungu amponye. Faradji aliwaza: na wewe habari za kitanda cha Kadiri unazitaka za nini? Aliinuka, akaacha ugali nusu. Hakuwahi kuumia hivyo, na hakuwahi kuwa na uhakika hivyo.

Jumatatu, siku ya safari, adhana ilipolia alivaa kanzu, akakohoa mlangoni kama kawaida yake, akatoka. Alifika kona ya fundi cherehani, akageuka. Alirudi akinyatia kando ya ua wake mwenyewe, kama mwizi wa kuku, na pale chini ya bati akaokota chuma cha kufungulia magurudumu.

Vioo vyote vya gari vilikuwa juu. Ndani moshi mweupe ulikuwa umetanda, na kivuli cha mtu kiliinama kwenye kiti cha dereva. Mtu akakohoa. Anavuta na sigara, shetani huyu! Faradji aliinua chuma kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akavuta mlango.

Moshi ulimpiga usoni. Mukamusoni alikuwa peke yake. Chetezo kilikaa juu ya sahani ya bati katikati ya miguu yake, pua ameiziba kwa upande wa kitenge, machozi yanamtiririka, na midomo bado ikisoma sura ya kujikinga na hasidi. Alishtuka. Alipomtambua akacheka kwa aibu, kama mtu aliyefumwa akificha zawadi.

"Ayiwe! Ni we? Umenitisha. Donc usikasirike. Ulisema wanakuroga humu ndani, mi nitafanya nini? Ninafukiza kila asubui ukienda kusali. Leo nimeongeza, juu ya safari."

Sukari, marashi na mafuta, ndani ya vioo vilivyofungwa, asubuhi baada ya asubuhi. Faradji alielewa yote kwa mara moja. Furaha ilimjaa. Alitaka kucheka, alitaka kumbusu mikono ile yenye majivu. Lakini mkono wake mwenyewe ulikuwa bado uko juu, na Mukamusoni alikuwa ameufuata kwa macho.

"Hiyo chuma ni ya nini?"

"Ya mwizi," alisema Faradji, akikishusha.

"Mwizi anafukiza udi?"

Faradji alikiweka chuma chini, nyuma ya gurudumu.

"Harufu uliisikia. Udi yangu unaijua. Basi ulijua ni mi niko humu. Ulifikiri niko na nani?"

Laiti angeuma ulimi. Lakini jina lilikuwa limelala kinywani wiki nzima, likatoka lenyewe.

"Kadiri."

Mukamusoni hakulia zaidi ya alivyokuwa akilia kwa moshi. Aliuchomoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiti, akabeba chetezo chake, akaingia nyumbani. Mlango aliurudisha taratibu.

Faradji alisafisha kioo, kwa siki, kwa kitambaa kibichi na kikavu, kwa gazeti. Kule Nyakiriba jua lilipochomoza aliona kila kitu: jani la mtama, jiwe la barabarani, na yule mama wa viazi aliyejitupa kando mapema alipolitambua gari.

"Leo iko muzuri sana," alisema Mgiriki, na madame akaafiki. "Funguo inabaki yako."

Alhamisi jioni Faradji aliikuta kanzu yake kitandani, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Aliiinua puani. Ilinuka sabuni. Alitoka nayo mkononi mpaka jikoni, ambako mkewe alikuwa amekaa na ungo mapajani.

"Mama Hadija, udi imeisha?"

"Hapana," alisema Mukamusoni, akiendelea kuchambua maharage. "Iko."