Pikipiki Iliyolala Ubavu

Pikipiki ilikuwa imelala ubavu wa kulia katikati ya gereji, kioo kimoja kimeelekea dari, na oili mpya ilikuwa ikitambaa sakafuni bila haraka. Mwenyewe alisimama kando, ameshika goti kwa mikono miwili.

Alikuwa mpimaji ardhi mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na miwili. Pikipiki hiyo ya safari ndefu, yenye silinda mbili kubwa zilizoachana mithili ya herufi V na uzito wa karibu kilo mia nne, hakuwahi kuikabidhi kwa fundi. Kila mwaka, kabla ya kusafiri na wenzake wa zamani, alibadilisha mwenyewe oili zote tatu: ya injini, ya klachi na ya giaboksi. Safari ilikuwa Jumamosi. Asubuhi hiyo alikuwa amefikia giaboksi. Akaipanda pikipiki aisimamishe wima, oili itulie apate kuipima, na goti la kulia likamsaliti. Aliwahi kuuchomoa mguu, basi.

Alijaribu kuinyanyua mara mbili. Ya tatu aliita.

Aliyekuwamo nyumbani ni mkwewe, fundi cherehani, aliyekuja kutundika mapazia. Miaka mitatu tangu amwoe binti yake, wawili hao walikuwa hawajavuka mpaka wa salamu. Kila walipokutana, hata alipopelekewa suruali za kukunja, kijana alitazama chini, akajibu alichoulizwa, akaaga. Mama alikwisha kumweka kwenye fungu la watu wapole wasio na neno.

"Mwaga mchanga hapo kwanza, usije ukateleza," alimwambia. "Halafu fungua ile stendi ya pembeni, ili ikisimama ipate pa kuegemea."

"Tuivute kwa usukani, mama?"

"Ukiivuta utavunjika mgongo, na mimi sitaki kesi na binti yangu. Ipe mgongo. Iegemee kiti kwa makalio."

Mkwe alisita.

"Kwa makalio, mwanangu. Hakuna jina jingine la kitaalamu."

Wakajipanga bega kwa bega, jambo ambalo hata siku ya harusi hawakulifanya. Mama akahesabu mpaka tatu. Wakasukuma kwa miguu, wakirudi kinyumenyume hatua ndogondogo, mpaka ule mzigo ukainuka, ukapita wima, ukaegemea stendi kwa kishindo.

Mkwe akainama kujipangusa mchanga.

"Goti lilianza lini?" mkwe akauliza, macho chini.

"Goti gani?"

"La kulia. Suruali zote unazoniletea zimelika pindo la kushoto, kwenye kisigino. La kulia liko kama nilivyolishona; uzito wote unauegemeza kushoto. Tangu mwaka jana nakunja mguu wa kushoto wa suruali zaidi kidogo, usiburuzike chini."

Mama alichukua kitambaa akajifuta vidole, kimoja baada ya kingine. Mwaka mzima alipanda ngazi akijifanya anasimama kusoma simu. Alimficha daktari, akamficha binti, ambaye angeitafutia pikipiki mnunuzi siku hiyohiyo. Kumbe siri ilikuwa ikipita chini ya sindano ya huyu asiye na neno, naye akiirudisha imepigwa pasi.

"Umemwambia mkeo?"

"Hajaniuliza habari za pindo."

Mama alicheka kabla hajajizuia. "Na akikuuliza leo?"

"Leo nitamwambia." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Ikikuangukia barabarani, mama, mimi nitamwambia nini?"

Jibu lilimjia upesi, lile la miaka yote ya kuamrisha vibarua porini. Akalimeza.

"Shika usukani," alisema. "Isimamishe wima, usiilaze hata kidogo."

Akavuta sanduku la vifaa, akalikalia, mguu wa kulia ameunyoosha mbele bila kuuficha. Alimimina oili kidogo, akachomeka kipimo, akakifuta, akamimina tena. Mkwe alishikilia, na pikipiki haikuyumba. Oili ilipofika kwenye alama, mama akafunga kifuniko, akakikaza kwa spana, kisha akatoa simu.

"Ukitoka kazini pitia hapa," alimwambia binti yake. "Hapana, sijambo. Sijambo kiasi. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu." Akasikiliza. Mkwe alikuwa amekwisha kushika ufagio, anakusanya mchanga uliolowa oili kwa uangalifu uleule wa kukusanya vitambaa.

"Yupo," mama akasema. "Mapazia bado. Tuko gereji, tunafanya kazi."