Nyumba Zenye Kufuli

Siku Millicent alipokuja kuhesabu nyumba zetu hapa mtaani New Site, Nyagai alikataza mtu yeyote kutoka. Nyagai ni mjane, amelelewa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na ndiye kiongozi wa upande wetu.

"Hata wewe, Mzee Lam," aliniambia, kwani mimi ni mtu wa safari. "Leo miguu yako ipumzike."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kamati ya mipaka ilikuwa inachora upya kata za uchaguzi. Nyumba mia tatu zenye watu ni kata, na kata ina diwani wake. Mkipungua, mnaunganishwa na majirani. Majirani zetu wako ng'ambo ya khor, ule mkondo unaojaa wakati wa mvua, nao ni wengi na karibu wote ni kabila moja. Sisi huku ni mchanganyiko, Wanuer, Waacholi, Wabari, na Wakenya wachache wenye maduka. Kwenye kamati ya mtaa tumekaa nao miaka sita. Hakuna aliyewahi kututukana. Ila kila tukinyoosha mikono kupiga kura, yao inazidi, na kisima kinachimbwa kwao.

Millicent ni Mkenya, shirika lake linaisaidia kamati kwa ramani. Alizunguka na tableti yake tangu asubuhi. Saa sita akaja kukaa kwenye benchi la Nyagai, akapewa chai.

"Nyumba mia mbili na sitini na nne nimekuta watu," alisema. "Arobaini na tisa zina kufuli."

"Wenyewe wapo, madam. Huyu analima Rejaf. Yule amempeleka mamake hospitali Kampala. Yule pale ni wa malori, yuko njiani."

"Nakuamini, mama. Lakini kila mtaa unaniambia hivyo hivyo. Juzi nimeonyeshwa kufuli kwenye banda la mbuzi."

"Hiyo si huku."

"Sijasema ni huku. Nataka shahidi ambaye hafaidiki."

Nikakumbuka bomba la maji la Kakuma, ambalo niliwahi kulisimamia. Maji yalitoka saa mbili tu kwa siku. Mtu akiitwa kwenye mgao wa chakula aliacha jiwe kwenye foleni, lishike nafasi yake. Wengine waliacha mawe ya watu ambao hata hawakuamka. Sasa jiwe la kweli ni lipi? Hatukumwuliza ndugu wa mwenye jiwe. Tulimwuliza aliye nyuma yake, yule ambaye jiwe likiondolewa anasogea mbele. Huyo akisema mwenyewe alikuwepo, basi alikuwepo.

Niliwaeleza hivyo, kisha nikasema, "Aliye nyuma yetu ni Thiik."

Thiik ndiye kiongozi wa ng'ambo. Nyagai aliweka birika chini.

"Thiik anayetuita mkia wa New Site?"

"Huyo huyo."

"Mzee, hizo safari zako za Nesitu zimekuchosha kichwa."

Lakini Millicent alikuwa ameshaacha kunywa chai. "Akikubali kuja, nitaandika atakachosema. Nyumba atakayoikataa naifuta, na hakuna kubishana."

Nyagai alizitazama zile nyumba zenye kufuli. "Nenda umwite," alisema.

Nilivuka khor, maji yalifika magotini. Thiik ni fundi wa jenereta, nikamkuta amefungua moja, nikamweleza shida yetu.

"Unataka nije nijikate mguu mwenyewe?"

"Nataka uje useme unachojua."

"Na nikidanganya?"

"Utadanganya mbele ya watu unaowatengenezea jenereta."

Akafuta mikono. "Nyinyi watu wa Kakuma, hata njaa haikuwamaliza maneno."

Tukaenda mlango kwa mlango. Thiik hakuwa na haraka.

"Hapa ni mama wa mapacha. Yuko Rejaf, anapalilia. Andika. Hapa andika, huyu ananidai spana. Hapa hapana. Huyu alihamia Nimule mwaka jana, na mabati ameyauza."

"Kufuli iko," Nyagai alisema.

"Kufuli ni yako, Nyagai. Niliiona mlangoni kwako."

Millicent akafuta.

Hadi jua linainama Thiik alikuwa amekataa nyumba kumi na tatu. Ilibaki moja, na hesabu ya Millicent ilikuwa mia mbili tisini na tisa. Nyumba yenyewe ilikuwa yangu. Millicent alipopita asubuhi nilikuwa kwa Nyagai, nimeifunga.

Thiik alinigeukia. "Tangu mvua ianze umelala hapa mara ngapi?"

Nyagai alinikazia macho. Ningeweza kusema ishirini.

"Mara nne," nikasema.

"Mzee Lam," Nyagai aliita, kwa sauti ya chini.

"Ni nne. Nyingine Nesitu, nyingine Rejaf."

Millicent aliuliza kama kuna mtaa mwingine nilikoandikwa. Thiik alicheka puani.

"Nani atamwandika huyu? Akifika mahali anauliza gari la kuondoka." Akatazama ng'ambo kwake, akanitazama tena. "Hana nyumba nyingine. Mimi ndiye niliyemuuzia haya mabati. Usipomhesabu hapa hatahesabiwa popote, na mtu lazima ahesabiwe mahali. Andika."

"Una hakika?"

"Andika kabla sijafikiri."

Millicent akaandika. Nyagai akamwomba aisome hesabu, akasoma. Akamwomba tena, akasoma tena, mia tatu. Nyagai aliketi kwenye kizingiti changu kama mtu aliyetua mzigo.

"Usikae," Thiik alimwambia. "Nyinyi wawili mnakuja nami. Watu wangu wataniuliza nimefanya nini leo, na sitajibu peke yangu."

"Watatutukana," Nyagai alisema.

"Watanitukana mimi. Nyinyi mtakuwa mmesimama karibu."

Nyagai alisimama, akavua viatu akavishika mkononi, tukashuka wote watatu kuelekea kwenye maji.