Kikao Kati ya Seti ya Pili na ya Tatu

Miaka ishirini na miwili nimekuwa katibu muhtasi wa shule ya sekondari, na katika miaka hiyo yote hakuna barua iliyotoka mezani kwangu ikiwa na kosa, ila moja tu. Sijisifu. Waulizeni wakuu wa shule wanne niliowahudumia. Kila mmoja alikuwa akitia sahihi bila kusoma, kwa kuwa alijua kilichopigwa chapa na mimi kimeshasomwa mara tatu. Mmoja wao alitia sahihi barua ya kunipa likizo, kisha Jumatatu akashangaa haioni chai yake.

Ndiyo maana mwenyekiti wa kamati ya wazazi alipoleta pendekezo la kufuta michezo, nililipiga chapa kama ninavyopiga chapa kila kitu, vidole mbele, moyo nyuma. Pendekezo lenyewe lilikuwa fupi. Fungu la shule limepunguzwa, paa la maabara linavuja, na wanafunzi wa kemia wanafanya majaribio huku wamefungua miavuli. Kwa hiyo fedha za mipira, jezi, usafiri wa timu na posho ya mwalimu wa michezo zihamie kwenye paa, na timu zote zivunjwe kuanzia muhula ujao. Mwenyekiti ni mfanyabiashara wa mabati, mtu mwenye tumbo na mwenye hoja, na mimi sikuona ubaya wa hoja yake. Paa lilikuwa linavuja kweli.

Tatizo langu lilikuwa nyumbani. Binti yangu kitindamimba yuko kidato cha tatu shuleni hapohapo, na wenzake wanamwita Ngazi kwa urefu aliourithi kwa marehemu baba yake. Huyo Ngazi anacheza mpira wa wavu. Nikisema anacheza nampunja. Mtoto yule analala na mpira kitandani. Nilikuwa nimeshamwambia mara kibao kwamba mpira haujazi sufuria, na kwa miaka mitatu sikuwahi kwenda kumtazama hata siku moja, ingawa uwanja uko hatua mia mbili kutoka ofisini kwangu. Dirisha langu linatazama choo cha walimu. Hicho ndicho kilikuwa kisingizio changu.

Alipopata habari hakupiga kelele. Alisimama mlangoni pa jikoni akaniuliza swali moja.

"Mama, ni wewe uliyeipiga chapa ile karatasi?"

"Kazi ni kazi, mwanangu."

Tangu hapo akafunga mdomo. Ndiyo, hapana, nimeshiba, basi. Mtoto ambaye kwa kawaida anaongea mpaka unamwomba apumzike ameze mate, sasa alikuwa akiishi nami kama mpangaji. Nilijikaza kisabuni, nikijiambia atachoka mwenyewe. Hakuchoka. Siku ya nne ndiyo nikagundua kwamba nyumba yangu ni kubwa mno kwa watu wawili wasiosemeshana.

Sasa kanuni za shule zinasema hivi. Fungu lolote halifutwi bila kikao cha wazazi wote, na kikao si halali bila akidi, yaani theluthi moja ya wazazi, watu mia mbili na kumi. Wasipotimia ndani ya saa moja, kamati ya watu watano inaamua yenyewe. Vikao vyetu hufanyika bwaloni, asubuhi ya siku ya kazi. Kikao cha mwisho walikuja wazazi ishirini na wanne, na wawili kati yao walikuwa wanatafuta zahanati. Mwenyekiti alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na katika kamati yake wanne walishakubaliana naye. Akataka kikao kiwe Ijumaa ya wiki inayofuata, saa nne asubuhi, na aliposema tuwaalike wazazi wote alikuwa anatabasamu.

Hapa niwaeleze lile kosa, maana ndilo watu wanalolisimulia vibaya.

Ofisini hakuna anayeanza barua kwenye karatasi tupu. Unafungua barua ya juzi kwenye kompyuta, unafuta usichokitaka, unaandika unachokitaka. Barua ya juzi ilikuwa ya mwalimu wa michezo, ambaye shule nzima inamwita Filimbi, akiialika shule jirani kwenye fainali ya wasichana. Niliifungua. Nikabadilisha kichwa cha barua, nikabadilisha maelezo, nikaweka ajenda. Mstari wa katikati sikuugusa. Ulikuwa unasema: Jumamosi, saa nane mchana, uwanja wa michezo. Mkuu akatia sahihi, nami nikadurufu nakala mia sita na thelathini, na Alhamisi ile wanafunzi wakaondoka nazo.

Mwenyekiti alipata nakala yake Jumatatu, kwa sababu mwanawe alikuwa ameisahau kwenye begi pamoja na soksi. Alipiga simu akiwa anafoka. Mkuu wa shule akaniita, akanionyesha mstari ule kwa ncha ya kalamu, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Tarehe haikuweza kubadilishwa tena. Kikao kinahitaji notisi ya siku saba, na bajeti ilitakiwa kufika idara ya elimu Jumatatu iliyofuata. Maji yakishamwagika hayazoleki. Kikao kikabaki palepale nilipokitupa, Jumamosi, uwanjani, saa ileile ya fainali.

Filimbi alikuja ofisini, akafunga mlango, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema miaka yote hii hakujua kumbe mimi ni mjanja kiasi hiki. Nilimwambia atoke nje, akatoka anacheka. Mwenyekiti naye hasira zilishamtoka. Alisema waache waje tu, watu wa mpira hawana habari na karatasi za mahudhurio.

Jumamosi niliweka meza yangu kwenye lango la uwanja, na karatasi zangu zimepigwa mistari, kalamu nne zimefungwa kwa uzi. Saa nane ilipofika walikuwa wamesaini watu arobaini na mmoja. Mwenyekiti alivua saa yake ya mkononi akailaza mezani kwangu, akasema tunahesabu dakika sitini kuanzia hapo. Mwamuzi akapuliza filimbi, mchezo ukaanza, kwa maana fainali haisubiri ajenda.

Watu walikuja, na si kidogo. Lakini walikuwa wanaingilia upande wa pili, penye pengo la uzio, wanapita moja kwa moja mpaka kwenye wavu. Nikiwa mezani niliviona vichwa vinaongezeka, na karatasi yangu imesimama kwenye sitini na tatu. Utaratibu unasema katibu anakaa mezani, anayetaka kusaini anakuja. Miaka ishirini na miwili nimekaa mezani. Mwenyekiti alikuwa ananywa soda kwa raha zake.

Ndipo nikasikia uwanja mzima unaita Ngazi, Ngazi. Niligeuka kutazama mara moja tu, kama mtu anayetazama mvua kama imekatika.

Mwanangu alikuwa hewani. Sijui niseme vipi vinginevyo. Miguu ileile ambayo nyumbani inagonga kila stuli ilikuwa imeacha ardhi, mkono umekwenda nyuma, na mpira ukateremka upande wa pili kwa kishindo mpaka wale wasichana wakaruka pembeni. Alipotua alikuwa anacheka na kusema maneno kumi kwa mara moja, anampanga huyu, anamtania yule, anampiga mwenzake mgongoni. Yule mtoto wangu bubu. Nilifurahi, na papo hapo nikaona aibu, kwamba watu wote hawa walikuwa wanamjua mtoto huyu na mimi mamake ndiyo kwanza nakutana naye.

Nikakata uzi wa kalamu. Nikachukua karatasi zote, nikaingia kwenye umati.

Sijawahi kukimbia hivyo tangu nizae. Niliwafuata kwenye uzio, kwenye vivuli, kwenye foleni ya maji. Wengi walisaini macho yakiwa uwanjani, na baba mmoja alinisainia kwenye mkono badala ya karatasi. Bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya mjukuu aliniuliza kama anasaini mkopo. Nilimwambia anasaini ili mjukuu wake aendelee kucheza, naye akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizokula mistari mitatu. Seti ya kwanza tukashinda, ya pili tukafungwa, na zikiwa zimebaki dakika nne nilikuwa na majina mia mbili na kumi.

Nikayapitia, kwa kuwa mimi ni mimi. Jina la mia na themanini lilikuwa la mama wa mchezaji wa shule jirani, aliyesaini kwa kuwa aliona kila mtu anasaini. Filimbi alikuwa amesimama nyuma yangu akanong'ona niliache. Nikalikata. Mwenyekiti alikuwa ameshainuka, ameshika saa yake, anasema dakika mbili, na kwenye karatasi kuna watu mia mbili na tisa.

Nilitazama huku na huku kutafuta uso ambao sijaupitia. Haukuwepo. Kisha Mkuu wa shule akaniuliza, taratibu kabisa, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Na wewe je, umesaini?"

Nilimwambia mimi ni katibu. Akasema anajua. Akaniuliza tena kama mtoto wangu hasomi hapa.

Mwenyekiti akapinga, akasema mtumishi hawezi kuhesabiwa. Mkuu akamjibu kwamba kanuni imesema mzazi, haikusema mzazi asiye na kazi. Niliishika kalamu. Miaka mitatu nimeandaa karatasi hizi, na kwenye safu iliyoandikwa "Mzazi wa" sijawahi kujaza jina la mwanangu. Nikalijaza. Mia mbili na kumi.

Kikao kilifanyika pembeni mwa wavu, kati ya seti ya pili na ya tatu, dakika kumi alizoziomba Filimbi kwa waamuzi. Mwenyekiti alitumia kipaza sauti kueleza habari za paa, na niseme ukweli, alieleza vizuri, watu wakatikisa vichwa. Ndipo baba mmoja, fundi wa kuezeka, akanyoosha mkono. Alisema alishapanda paa lile mwaka jana alipokuja kumwona mwalimu wa darasa akamkosa. Pale hapahitaji fungu la michezo, pamechakaa kwenye kofia tu, pale kileleni pande mbili za paa zinapokutana, mabati sita na misumari. Yeye na vijana wake watapanda kesho asubuhi bila malipo. Kinachokosekana ni hayo mabati.

Halafu watu zaidi ya mia mbili wakageuka, bila mtu kuambiwa, wakamtazama mwenyekiti.

"Mnanitazama nini?" aliuliza.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mwenyekiti akajipangusa jasho, akatazama juu, akatazama chini, kisha tumbo likaanza kutikisika, akacheka kicheko cha mtu aliyekamatwa. Akasema atatoa manane, ili isisemwe kwamba alilazimishwa kutoa sita. Tukapiga kura kwa mikono. Waliotaka michezo ifutwe walikuwa kumi na mmoja, pamoja na mwenyekiti mwenyewe, aliyesema hawezi kuisaliti hoja yake mbele za watu. Baada ya hapo akaniuliza zamu ya kuanzisha mpira ni ya nani, akavuta kiti, na kufika seti ya nne alikuwa anabishana na mwamuzi wa mstari.

Tulifungwa seti tatu kwa mbili. Ungewasikia watu walivyoimba wakitoka ungedhani tumeshinda. Katika kumbukumbu za kikao kile, chini ya mengineyo, kuna mstari unaosema "Ruka mama, ruka sasa", kwa kuwa niliendelea kuandika huku nikitazama. Niliugundua baadaye, na sikuufuta. Mkuu alitia sahihi bila kusoma.

Ngazi alinikuta nikikunja meza. Magoti yake yalikuwa na vumbi tupu, jezi imelowa. Alichukua upande mmoja wa meza, tukaipeleka ofisini, kisha tukashika njia ya nyumbani. Tulipopita lango ndipo akafungua mdomo.

"Filimbi anasema ulipanga yote. Kwamba ile barua uliikosea makusudi, kwa ajili yangu."

Ilikuwa zawadi iliyokwisha kuwekwa mkononi. Ningenyamaza tu ingekuwa yangu, na nilitamani kunyamaza, nawaambieni ukweli. Lakini nimeishi na karatasi muda mrefu mno.

"Nilikosea kweli," nikamwambia. "Asubuhi ile ulitoka bila kuniaga. Nikakaa mbele ya kompyuta nikawa sioni ninachoandika. Mstari ukanipita."

Akasimama. "Na kukimbia na makaratasi?"

"Hiyo sikukosea."

Alinikumbatia palepale barabarani, kidevu chake kikakaa juu ya kichwa changu kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye zamani, na sikujua kama anacheka au analia, wala sikuuliza. Kisha akaanza kuongea. Alianza na mpira wa kwanza wa seti ya kwanza, nani alisimama wapi, nani alichelewa, yeye aliwaza nini akiwa hewani, na alipitia kila pointi bila kuruka hata moja. Tulipofika nyumbani alikuwa bado yuko kwenye seti ya pili. Nikapitiliza geti letu makusudi, tukaendelea kutembea ili amalize.