Wakwe Walioshindana Kunyamaza

Mama yake binti alikuwa mwoka mikate, na pua yake ilisifika mtaa mzima. Tanuri lilikuwa uani, lakini mama angeweza kuwa sebuleni, miguu kaiweka juu ya kigoda, anamsimulia jirani habari za jirani mwingine, mara anakatiza umbea katikati, ananusa hewa na kusema, "Tayari!" Ukikimbia kufungua tanuri unakuta mikate imepata rangi ile ile inayotakiwa. Kwa hiyo ikawa sheria ya nyumba: hakuna mtu wa kutoa mkate mpaka pua ya mama imesema.

Mdomo wa mama nao ulisifika.

Binti hakurithi hata kimoja kati ya hivyo viwili. Alikuwa na haya ya kupindukia. Mteja akimuuliza bei, alijibu huku akiutazama unga mikononi mwake. Alivyompata mchumba ni jambo ambalo hata shangazi zake hawakulielewa. Mchumba mwenyewe alikuwa mtoto wa fundi saa, kijana mcheshi asiyeishiwa maneno, aliyekuja kununua mkate kila siku mpaka ikagundulika kwamba kwao hawali mkate kabisa, walikuwa wanawagawia majirani.

Kijana hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa baba yake. Fundi Saa alikuwa Mbudha. Ujanani, alipokuwa akijifunza kazi, bwana aliyemfundisha kufungua saa alimpeleka pia kwa mtawa wa Kibudha, naye akamfundisha kukaa. Tangu hapo kila asubuhi huketi juu ya mto wa kukalia, mgongo wima, akifuata pumzi yake inavyoingia na kutoka. Mama, Mkristo mpaka kwenye kucha, alipoelezwa hayo alitaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Anaketi, halafu?"

"Halafu basi, mama," binti alijibu.

"Hamwambii Mungu chochote? Anaketi tu?"

"Anaketi tu."

"Makubwa! Hata kuku wangu wanaketi."

Siku ya wakwe kukutana ikafika. Fundi Saa alikuja na mwanawe, amevaa koti lililopigwa pasi, kwapani kabeba saa ya ukutani ya mbao, ya zamani, yenye kipande cha shaba kinachobembea. Alikuwa ameifufua mwenyewe kwa mikono yake iwe zawadi. Aliitundika sebuleni kwa uangalifu mkubwa, akatoa uzi wenye risasi nchani kupima kama imenyooka, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akaridhika.

Mama akaja, akaitazama, akaona imembana Yesu aliye kwenye picha ya pembeni. Akaisukuma kwa kiganja ikaenda upande.

"Hapo sasa. Imempa Bwana nafasi ya kupumua."

Fundi Saa alifungua mdomo. Saa ya kubembea haitaki kukaa upande, hilo hata mwanawe alilijua. Lakini nani anamkosoa mkwe siku ya kwanza, tena nyumbani kwake? Akaufunga.

Chai ikaletwa. Mama akaiombea. Aliiombea chai, akawaombea walioichuma, akaombea safari ya wageni waliotoka mtaa wa pili tu, akaombea vizazi vitakavyotokana na ndoa hii endapo itafungwa mahali panapostahili. Alipofika "amina", chai ilikuwa imepoa na nzi mmoja alikuwa ameshafia kwenye kikombe cha mchumba.

"Sala nzuri sana, mama," Fundi Saa akasema kwa upole. "Nimejiuliza kitu kimoja tu. Mungu naye huongea wakati gani?"

"Huongea nikinyamaza."

"Ahaa. Na wewe hunyamaza?"

Mchumba akapaliwa. Binti akatamani sakafu ifunguke. Mama akaweka kikombe chini polepole, na binti alijua mama hafanyi kitu polepole ila akiwa amekasirika.

Kilichomuuma binti ni kwamba mgeni alikuwa amekosea, ila yeye hakuthubutu kumwambia. Kila alfajiri, kabla ya kukanda unga, mama huyu mwenye mdomo huketi peke yake jikoni juu ya gunia la unga, macho kafumba, bila neno. Binti alishamchungulia. Uso wa mama saa hiyo ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani. Nje ya jikoni hakuna aliyejua, na mama hakutaka ajue mtu, maana jina lake sokoni lingeharibika.

"Baba'ke kijana," mama akasema, "unadhani kunyamaza mmekununua nyinyi?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema kwa macho. Haya. Mimi nataka arusi kanisani, wewe unataka kwenye ukumbi wenu wa kuketi juu ya mito. Tukae hapa hapa, mimi na wewe. Mimi na sala yangu, wewe na pumzi yako. Atakayeinuka kwanza, au kutoa sauti yoyote, ameshindwa. Atakayebaki kimya ndiye atakayeamua arusi inafungwa wapi. Tukifika wote mpaka saa yako igonge kumi, tutazungumza upya."

"Baba, usikubali," mchumba akanong'ona. "Humjui huyu."

"Nimekaa miaka mingi kuliko umri wako," baba yake akajibu, akivua viatu.

Mama akatoka uani mara moja, akasukuma mikate ya jioni ndani ya tanuri, akapiga hesabu kwamba itaiva pale pale saa itakapogonga, akarudi. Akamwambia binti, "Nyinyi wawili tokeni. Hata nyumba ikitembea, mtu asinisemeshe. Na tanuri langu lisiguswe."

Basi wakatoka. Walichuchumaa chini ya dirisha la sebule, upande wa uani, mahali ambapo pazia halikufika vizuri. Ndani, wakwe wawili walikuwa wameketi mkekani wakitazamana, macho wameyafumba. Mzee alikuwa kama aliyechongwa. Mama naye, kwa mshangao wa mchumba, alikuwa vile vile.

"Amelala?" mchumba akanong'ona.

"Halali."

"Mama yako huyu? Aliyemfukuza mkaguzi wa maji kwa ufagio?"

"Huyo huyo. Nyamaza."

Wakakaa. Harufu ya mkate ikaanza kuja, ile tamu ya kwanza, na binti akasubiri kusikia "Tayari!" kwa mazoea tu, kisha akakumbuka. Harufu ikakomaa. Kisha ikapita kukomaa. Binti akachungulia tena na kuona pua ya mama inacheza, inapanuka, inanywea kama pua ya sungura. Lakini mama hakufumbua jicho. Na uso wa mzee nao haukuwa sawa, sikio moja lilikuwa limeinuka kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Saa inasemaje?" binti akauliza.

Mchumba akanyanyuka, akaangalia ukutani, akateremka akiwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Imesimama! Imesimama zamani. Haitagonga kumi leo wala kesho."

Moshi ukaanza kutoka kwenye mlango wa tanuri, mwembamba kwanza, kisha mweusi.

"Mwite mama yako," mchumba akasema, macho yakimcheka. "Ataitika, atashindwa, tutafungia ukumbini. Hakuna kwaya, hakuna hotuba, tunakaa tu na kutazamana. Mimi nataka hiyo."

"Na nikimwita baba yako?"

"Atafumbua macho, atashindwa, mama yako atamsimanga hadi kaburini, na mimi nitahamia kwenu nikiwa mateka."

Binti akamsukuma akaanguka kitako. Lakini ndani ya kifua chake hapakuwa na mzaha. Aliona wazi kwamba mmoja akishindwa leo, ndoa yake itaingia nyumbani ikiwa na mshindi na mshinde, na yeye ndiye atakayekuwa akiwapikia chai wote wawili maisha yake yote. Kuwaita hakuwezekani. Kuwaacha hakuwezekani, moshi ulikuwa umeshafika kwenye nguo za jirani zilizoanikwa.

Akainuka. Akafunika mikono kwa kitambaa, akafungua tanuri la mama yake bila ruhusa ya pua yoyote, akatoa trei. Mikate ilikuwa myeusi kama viatu vya shule. Kisha, bila kumwambia mchumba neno, akaibeba trei mpaka sebuleni, akaiweka chini mkekani katikati ya wakwe, ikifuka moshi, akaketi pembeni yake, akakunja miguu, akafumba macho.

Mama akafumbua jicho moja. Likaiona mikate. Mzee naye akafumbua moja. Likaona mikate, likaenda kwenye saa, likarudi, likakutana na jicho la mama. Kwa muda yale macho mawili yalitazamana juu ya ule moshi, kila moja likilingoja lingine. Mdomo wa mama ukatetemeka. Mabega ya mzee yakaanza kuruka. Halafu wote wawili wakapasuka kwa kicheko, kicheko cha kushika mbavu, mama akiupiga mkeka kwa kiganja, mzee akifuta machozi kwa tai yake.

"Nilisikia!" mzee akasema alipopata pumzi. "Nilisikia saa ikisimama, mama. Sikio hili halidanganywi. Nikajiambia, hiyo ni sauti tu, iache ipite, rudi kwenye pumzi."

"Na mimi nilinusa! Nikasema huyu ni Shetani. Alimwendea Bwana jangwani na habari za mkate, sasa kaja kwangu na mbinu ile ile. Nikamwambia hunipati, nikarudi kwenye neno langu."

Mzee akaacha kucheka. "Neno gani?"

Mama akasita, akamtazama binti, ambaye hakufumbua macho.

"Kuna mtawa mmoja wa kike, kikongwe, alikuwa akija kwangu kununua mkate wa jana," akasema, na sauti yake ikashuka. "Siku niliyofiwa na mume wangu nilikuwa siwezi kuomba. Maneno yaliniishia, mimi! Akaniambia, usitafute maneno, chukua moja tu, kaa nalo. Mawazo yakikubeba, usigombane nayo. Rudi kwenye neno lako polepole, kama unavyorudisha kifaranga bandani."

"Mwalimu wangu alisema mtoto mchanga. Akitambaa kwenda nje, unamrudisha mkekani. Humpigi."

"Hata kifaranga hakipigwi."

"Nikamuuliza, nikipotea tena? Akasema rudi tena. Nikipotea kila mara? Rudi kila mara. Halafu akacheka."

"Wangu alicheka hadi meno yakataka kutoka," mama akasema. "Lakini nikuulize, mkwe. Mimi nikikaa, nakaa na Mtu. Wewe unakaa na nani?"

Mzee akafikiri. "Sijui, mama. Mimi nakaa tu, sijidai kujua."

"Afadhali. Wapo wanaojidai." Akachukua mkate mmoja, akaugonga sakafuni, ukalia kama tofali. "Na huyo mwalimu wako angesemaje juu ya huu?"

"Angesema, pumzi ipo siku zote, mjinga wewe, inuka ukatoe mkate."

"Wangu angenivulia kiatu. Angesema Mungu kakupa pua, wewe unamsingizia Shetani."

Wakacheka tena, safari hii taratibu, kama watu waliofahamiana zamani. Mchumba, aliyekuwa mlangoni akijipangusa vumbi la makalio, akaona mambo yanakwenda vizuri mno, akaamua kuyachokoza.

"Sasa nani ameshindwa?"

"Baba yako ndiye aliyecheka kwanza," mama akasema.

"Mimi? Mama, mdomo wako ulianza kutetemeka tangu trei haijatua!"

"Kutetemeka si sauti! Mabega yako je?"

"Mabega nayo si sauti!"

"Na huyu?" mchumba akauliza, akamnyooshea kidole binti.

Wakageuka. Binti alikuwa bado ameketi, mgongo wima, mikono magotini, masizi kwenye shavu, hajatoa hata chafya. Mama akafungua mdomo, akajikumbuka akitamka masharti kwa ulimi wake mwenyewe, akaufunga. Mzee akainamisha kichwa kwa heshima.

"Atakayebaki kimya," akasema.

"Haya, mwanangu," mama akasema. "Tuamulie. Wapi?"

Binti hakujibu. Hakuwa amepanga kuwakawiza, lakini maisha yake yote watu walikuwa wakimmalizia sentensi, na sasa watu watatu waliinama kumngoja, na utamu wake ulikuwa mpya kabisa.

"Mwanangu, sema basi!"

"Asubuhi kanisani," akasema mwishowe, bado macho kafumba. "Mchana twende ukumbini, tukae. Wote. Na padri aje akae nasi."

"Sawa," mzee akasema haraka.

"Na kwaya?" mama akauliza.

"Kwaya nayo ikae."

"Kimya? Ile kwaya? Mwanangu, ile haijawahi kunyamaza hata mbele ya maiti!"

"Wataketi karibu na wewe, mama. Utawafundisha kifaranga."

Mama akashika kiuno, akamtazama mkwe wake kutafuta msaada, akamkuta anacheka kimyakimya. Akatazama mikate, akatazama saa, akatafuta neno la kusema, na kwa mara ya kwanza mbele za watu hakulipata. Akarudi kuketi mkekani.

Binti akavuta pumzi, akaitoa, akaendelea kukaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema wameshamaliza.