Hafu-beki wa Changamwe

King'ora cha saa sita kilipolia bandarini Kilindini, Nguma alikuwa na gunia la saruji mabegani. Hakulitupa. Alilifikisha, akalilaza juu ya mengine, akajipangusa vumbi usoni, ndipo akamwendea nyapara.

"Bwana Garama, naomba ruhusa. Leo tuna mechi."

"Meli haijaisha."

"Ni timu ya kampuni, bwana. Jezi ni yenu wenyewe."

Garama akacheka. "Watu wa timu wameshaondoka na lori. Wale wameajiriwa. Wewe kibarua. Ukitoka langoni saa hizi, Jumatatu usinionyeshe uso wako."

Nguma akatoka.

Hapa ndipo damu yangu huchemka, basi niacheni niseme. Nguma aliichezea timu ya kampuni tangu kabla ya vita vya Hitla. Jezi ya kampuni aliivaa. Kazi ya kampuni hakuwa nayo. Kila fowadi aliyefunga magoli mawili matatu alivutwa ndani, akapewa kazi ya kudumu na chumba cha mawe kambini. Na magoli hayo yalitoka wapi? Kwa Nguma! Yeye ndiye aliyeuchukua mpira kule nyuma, miguu mitupu, akapita katikati ya watu kama anayepita ukumbini kwao, akamwekea mwenzake mguuni. Mfungaji akabebwa juu juu. Nguma akarudi kwenye nafasi yake, akafunga upya kitambaa chake cha kifundoni. Sisi watu wa Changamwe tulimwita Mchukuzi, na wallahi sijaona hafu-beki mwingine kama yeye.

Alikuja kwa miguu, akavuka daraja la Makupa na jua la utosi, mpaka uwanjani kwetu Changamwe. Sisi tuliokosa kibarua siku ile tulikuwa tumeshajaa pembeni. Mkewe, Jumwa, alikuwa ameweka sinia lake la mihogo ya kuchoma chini, amekumbatia jezi aliyoifua.

"Umekula, Baba Kache?"

"Nitakula baadaye."

Akammegea muhogo, akamtilia mkononi kwa nguvu. "Kula. Na unisikize. Leo ufunge wewe."

"Nikipata nafasi."

"Nafasi! Nafasi wewe wazigawa kama sadaka. Mwenye nyumba amekuja tena leo. Ataka chumba chake, ati amepata mtu wa kulipa zaidi. Yule Mzungu pale amekuja kuchagua timu ya Pwani. Ukichaguliwa, kampuni itaona haya, itakuajiri, tupate pa kulala. Usipochaguliwa, mimi na mwanao twarudi Kaloleni kwa baba."

Nguma akamtazama yule Mzungu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, chini ya mwavuli alioshikiwa na dereva wake. Kando yake alisimama karani wa kampuni.

Mechi ilikuwa na Kisauni, na Kisauni hawakuja kucheza, walikuja kuvunja watu. Nguma alipigwa mateke mpaka kitambaa kikalowa damu. Akaendelea. Mara ya kwanza aliwatoka wawili, akampasia Mbarak, fowadi wetu. Goli! Mara ya pili aliutoa mpira kwenye miguu ya kipa wetu mwenyewe, akapanda nao uwanja mzima, akamwachia Mbarak hatua chache tu na mlingoti wa goli. Goli tena. Uwanja ukawaka: "Mbarak! Mbarak!" Mzungu akainama, akamwuliza karani jambo. Karani akamnyoshea Mbarak kidole.

Mbarak alikuwa kijana wa ukoo, mwenye heshima zake. Wakati wa mapumziko alimwendea karani mbele yetu sote.

"Mwambie bwana, hayo magoli si yangu. Ni ya huyu. Mimi nimemalizia tu."

Karani akasema kwa Kizungu. Mzungu akatabasamu, akajibu neno moja mawili. "Bwana asema," karani akafasiri, "wewe mchezaji muungwana. Lakini yeye atafuta mfungaji."

Mbarak akarudi amekunja uso. "Ndugu yangu, umesikia? Basi kipindi hiki mimi sitaki mpira wako. Funga."

"Ukiwa wazi nitakupa."

"Ukinipa nitautoa nje, haki ya Mungu!"

Kipindi cha pili Kisauni walimwekea Nguma watu watatu. Walimbana hivyo mpaka jua likaanza kulegea, na miguu ya watu wote ikawa mizito. Ndipo alipoupata mpira karibu na goli letu. Akamwacha wa kwanza amekaa chini. Wa pili akamshika jezi, ikachanika begani, akaenda nayo hivyo hivyo. Wa tatu Nguma alimtia chenga moja, jamani, mpaka watu wa Kisauni wenyewe wakasema, "Lo!" Kulia kwake Mbarak yuko peke yake, wazi kabisa. Nguma akainua kichwa amtafute. Na Mbarak, mbele ya watu wote, akampa mgongo, akaiweka mikono nyuma, akasimama anatazama barabara.

Basi Nguma akapiga. Kipa hakuinua hata mkono.

Tukapiga kelele zote tulizokuwa nazo. "Nguma! Nguma!" Jumwa alikanyaga mihogo yake mwenyewe akikimbilia uwanjani, analia, anacheka. Nguma alikuwa amegeuka kutazama kile kiti.

Hakikuwepo. Wala mwavuli, wala Mzungu. Mbarak alikuwa bado anatazama barabara, na sasa nasi tukaona alichokuwa anakitazama: gari jeusi linateremka kuelekea Makupa, vumbi nyuma yake.

Karani alikuwa anajipepea kofia. "Bwana alishamwona aliyemtaka," akasema. "Ana mwaliko wa chai."

Jumapili Jumwa alifunga mizigo. Jumatatu alfajiri Nguma alikuja langoni tulipojipanga vibarua, amevaa ile jezi, begani imeshonwa kwa uzi mweupe. Alikuwa hana shati jingine. Alisimama nyuma kabisa. Meli ilikuwa inangoja, Garama ana haraka, anatuchagua kwa kifimbo chake kama kawaida.

"Wewe," akamwelekezea Ruwa, kibarua mwenzetu.

Ruwa hakusogea.

"We kiziwi?"

"Nimesikia, bwana. Nguma kwanza."

Kifimbo kikaja kwa Mwidani, aliyesimama kando yake. Mwidani akatazama chini. "Nguma kwanza," akasema.

Kikaja kwangu mimi. Nyumbani kwangu hakukuwa na unga, nami nilijua. Nikasema, "Nguma kwanza."

Meli ikapiga honi. Mzungu msimamizi wa gati akatoa kichwa dirishani mwa ofisi, akauliza kuna nini. Jasho likamtoka Garama. Akazungusha kifimbo polepole juu ya vichwa vyetu, mpaka nyuma kabisa, kikasimama.

Tukampisha njia. Nguma akapita katikati yetu, anachechemea, hamtazami mtu, akaingia.

Kibarua cha siku moja. Ndicho tulichokuwa nacho cha kumpa.