Gari Lililovuta Kushoto

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kunyoosha matairi, na alinifundisha kwa uzi. Alikuwa akiufunga kwenye tairi la nyuma, anauvuta hadi la mbele, anachuchumaa na kufumba jicho moja, kisha anakwambia tairi limepinda kiasi gani. Mafundi wote walimwita Bwana Uzi. Siku nilipoleta mashine yenye skrini alicheka mpaka akakohoa, akasema umeme ukikatika nitamtafuta. Alipostaafu aliniachia gereji na kanuni moja: gari haliondoki mpaka mwenyewe aliendeshe na aridhike. "Mashine haina gari," alikuwa akisema. "Mwenye gari ndiye anayejua."

Kanuni hiyo siku hizi siipendi hata kidogo.

Kaka alikuja asubuhi moja na gari lake kuukuu, analolitunza kama yai. Hakushuka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mengine baadaye, gari kwanza. Linavuta kushoto, wiki ya pili hii. Jana nusura lipande ukuta wa jirani."

Nilianzia mwanzo kabisa, maana alikuwa ananitazama, na ningeruka hatua moja ningeyasikia. Nikapima upepo wa matairi yote manne, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo huvuta gari upande wake, na fundi mzembe huhangaika kutwa nzima na mengine. Nikayapapasa nione yalivyolika, yamelika sawasawa. Nikapiga jeki, nikatikisa kila gurudumu juu na chini, halafu kulia na kushoto, nikisikiliza kama kuna kinachocheza. Hakikucheza kitu. Nikalipandisha jukwaani, nikaukaza usukani ukiwa umenyooka, nikavisha vipimo kwenye ringi, nikalisukuma nyuma na mbele kidogo ili mashine ilisome. Skrini ikajaa kijani.

"Liko sawa, kaka."

"Hiyo mashine yako ina mtoto wa jicho."

Nikalipeleka mwenyewe kwenye ile barabara iliyonyooka nyuma ya maghala. Nikaachia usukani, na gari likaenda mbele bila kuhangaika. Nikarudi, nikamwambia aendeshe yeye, nami nikaketi pembeni yake.

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya usukani tulipoanza. Hatujafika ghala la pili, ukateleza ukaangukia pajani, na yeye hakuuona. Mkono wa kushoto ukabaki peke yake, ukaning'inia kwenye usukani kwa uzito wake wote, na gari likaanza kwenda kushoto taratibu.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

Baba alifariki nikiwa bado sijui kufunga viatu, na kaka ndiye aliyenilea. Mkono ule ndio ulionishikisha spana ya kwanza. Nikajikaza.

"Huo mkono vipi, kaka?"

"Una nini? Umechoka kushindana na gari. Wewe tengeneza gari, acha kutengeneza watu."

Alisema hivyo kwa ukali, na mimi tangu utotoni sijawahi kumjibu akiwa amekasirika. Tukarudi gereji.

Nilichofanya baada ya hapo asingekifanya fundi mwingine yeyote, kwa kuwa mwingine asingeogopa kumwudhi. Nikalirudisha gari jukwaani, nikalegeza boliti mbili zinazoshika gurudumu la mbele la kulia, nikalilaza tairi kidogo, sehemu ya juu ikatokeza nje. Tairi likilala hivyo hulivuta gari upande wake. Namba za upande ule zikawa nyekundu, nami nikaigeuza skrini ikatazama ukutani. Nikakaza boliti. Nilikuwa nimelipinda gari zima ili lilingane na mkono mmoja.

Kaka akaliendesha, mkono wa kulia pajani, na gari likanyooka. Alirudi anatabasamu.

"Unaona sasa? Mwenye gari ndiye anayejua."

"Kweli, kaka."

Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akaondoka ameridhika, kama kanuni yake inavyotaka. Nikajiambia wiki hiyohiyo nitamweleza shemeji yangu, mkewe, ampeleke hospitali polepole bila kumwaibisha. Wiki ikapita. Shemeji alipiga simu mara moja kuuliza jambo lingine, nikamjibu hilo lingine tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Ila mimi nilikuwa nayaficha ya mtu mwingine.

Siku ya kumi na nane shemeji aliingia gereji na gari lile, peke yake. Alikuwa amevaa kanga aliyolalia na viatu visivyofanana.

"Kaka yako yuko wodini," akasema. "Ameanguka akivaa shati. Upande wote wa kulia hausogei, na maneno hayatoki."

Niliweka spana mezani.

"Juzijuzi alidondosha kikombe," akaendelea. "Nikamwambia twende tukapimwe. Akasema mkono hauna kitu, ulichoshwa na gari, na gari umeshalitengeneza wewe. Nikanyamaza, maana nilijua wewe hubahatishi kazi." Akanikabidhi funguo. "Sasa na lenyewe linavuta kulia. Nimelishika kwa mikono miwili njia nzima. Litazame, nimrudie."

Nikalipandisha jukwaani, nikavisha vipimo. Kila kitu kijani, isipokuwa gurudumu la mbele la kulia. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hapo pekundu pana nini?"

Ningeweza kusema ni shimo la barabarani. Angeamini.

"Nilipapinda mimi," nikasema. "Gari halikuwa na ubovu. Ulikuwa mkono wake."

"Ulijua."

"Nilijua."

Alitazama skrini, kisha akasema, "Linyooshe."

Nikalegeza boliti zilezile mbili, nikalirudisha tairi ndani kidogo kidogo mpaka namba zikawa kijani, nikakaza. Ilinichukua dakika kumi. Nikalishusha gari, na kwa mazoea nikafungua mlango wa pembeni, nikaketi ili niwe naye akilijaribu.

"Shuka, shemeji," akasema.

Nikashuka. Akawasha gari, akashusha kioo.

"Njoo wodini saa kumi, umwambie mwenyewe. Kuzungumza ndiyo hawezi. Kusikia anasikia kila kitu."

Akatoka getini, na gari likaenda likiwa limenyooka.